Damu Kabla ya Kisu: Gharama za Kutibu Uvimbe wa Korodani Bukoba na Muleba

Kijana wa miaka 25 anayevua sangara Goziba, au mwenzake mwenye kibanja cha kahawa Kamachumu, akigundua kijidonge kigumu kisichouma kwenye korodani, milango ya kutumia fedha ni mingi. Kuna duka la dawa mwaloni, kuna mganga, kuna zahanati, kuna hospitali za misheni za Rubya, Ndolage na Kagondo, kuna hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bukoba, na kule Mwanza kuna Bugando. Kila mlango una bei yake, na mpangilio wa kuingia ndio unaoamua kama fedha zitatibu ugonjwa au zitaishia njiani.

Saratani ya korodani ina tofauti kubwa na saratani nyingi tunazozifahamu. Ikigundulika ikiwa bado ndani ya korodani, karibu wagonjwa 99 kati ya 100 hupona. Hata ikishapanda tumboni au mapafuni, wengi bado hupona kwa dawa. Kijana akifa kwa ugonjwa wa namna hii, mara nyingi amekufa kwa kuchelewa au kwa hatua zilizopangwa vibaya, na hilo linaweza kuzuiwa.

Bei za hospitali hubadilika, na aliye na kadi ya bima halipi sawa na anayelipa taslimu. Kwa hiyo hapa tunalinganisha kwa vitu visivyobadilika: safari, siku za dripu, miligramu za dawa na idadi ya picha. Beba hesabu hizi hadi dirisha la malipo, uliza bei ya kimoja, kisha zidisha.

Vitu vinne visivyonunuliwa mara ya pili

Katika matibabu haya gharama nyingi zinaweza kusubiri au kurudiwa. Nne haziwezi:

1. Damu inayochukuliwa kabla ya upasuaji.
2. Upasuaji wa kwanza, unaopitia kinenani na si kwenye mfuko wa korodani.
3. Korodani iliyotolewa, ikihifadhiwa kwenye fomalini na kufika maabara.
4. Dozi za kwanza za dawa za saratani, zikitolewa kamili na kwa wakati.

Kama fedha ni chache, zianzie hapa. Sababu zake zimo kwenye ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa unavyoanza na unavyotembea

Mtoto akiwa tumboni mwa mama, tayari ana seli zitakazokuja kutengeneza mbegu za kiume. Baadhi yake hushindwa kukomaa na kubaki zimelala kwenye korodani. Baada ya balehe huweza kuamka na kugeuka saratani, na ndiyo maana ugonjwa huu hushika zaidi vijana wa miaka 15 hadi 40. Ndani ya seli hizo karibu kila mara hukutwa vipande vya ziada vya kromosomu namba 12.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa mwanamume ambaye korodani yake ilichelewa kushuka utotoni, mwenye baba au kaka aliyewahi kuugua, au aliyekwisha kuugua upande mmoja. Ugonjwa huu hausababishwi na baiskeli, na mke wala mtoto hawezi kuambukizwa.

Makundi ni mawili. Seminoma hukua polepole na hufa kirahisi kwa mionzi na dawa. Kundi la pili, ambalo si seminoma, hukua haraka na mara nyingi ni mchanganyiko wa aina kadhaa. Tofauti hii ndiyo inayoamua bili ya baadaye, kwa hiyo jina lililoandikwa na maabara lina thamani kubwa.

Korodani huumbwa juu, karibu na figo, kisha hushuka na mishipa yake. Saratani ikitoroka hufuata njia hiyo hiyo kurudi juu, hadi kwenye tezi za limfu zilizo nyuma ya tumbo. Ndiyo sababu mgonjwa mwingine huja analalamika mgongo, na ndiyo sababu kisu hupita kinenani: daktari hufunga njia hiyo juu kabla ya kuishika korodani. Ukikata mfuko wenyewe, au ukichoma sindano kutoa kinyama cha kupima, unafungua njia nyingine ambayo saratani haikuwa nayo.

Ugonjwa huu ni wa nadra. Dunia nzima hupata wagonjwa wapya zaidi ya 70,000 kwa mwaka na vifo kama 9,000. Norway na Denmark ziko juu kabisa, nchi za Afrika ziko chini. Unadra huo una gharama yake: mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwona mgonjwa mmoja, na anapomwona akadhani ni maambukizi, ngiri au busha.

Mlango wa kwanza: duka la dawa, mganga au ultrasaundi

Duka la dawa huonekana rahisi. Antibayotiki zina nafasi yake, kwa kuwa maambukizi ya korodani yapo na huja na maumivu, joto na mara nyingi homa. Dozi moja kamili inatosha kutoa jibu. Ikiisha na uvimbe bado upo, dozi ya pili na ya tatu ni fedha inayonunua ucheleweshaji tu.

Kwa mganga hesabu ni ngumu zaidi, maana malipo hayana kikomo na dawa ya kupaka au kuchanja haifiki kwenye tezi za tumboni. Anayetaka baraka za wazee aende, lakini aende akiwa na tarehe ya ultrasaundi mkononi.

Ultrasaundi ya korodani haina maumivu na huchukua dakika chache. Huonyesha kama kilichovimba ni maji, yaani busha, au ni nyama ngumu ndani ya korodani. Kwa mkazi wa Muleba, uliza kwanza hospitali iliyo karibu nawe kati ya Rubya, Ndolage na Kagondo. Kwa wa Bukoba, hospitali ya mkoa au kituo binafsi mjini. Kabla ya kupanda gari, piga simu au mtume mtu aulize kama mtaalamu wa kupiga picha hiyo yupo siku hiyo. Nauli ya bure kutoka kisiwani inaweza kuzidi bei ya kipimo.

Maumivu makali ya ghafla ni habari nyingine. Korodani inaweza kujinyonga, na hapo zipo kama saa sita za kuiokoa. Usisubiri kulinganisha bei. Nenda hospitali yoyote yenye chumba cha upasuaji.

Kipimo cha damu: mara mbili, na kwa mpangilio

Uvimbe huu humwaga alama zake kwenye damu. Vipimo ni vitatu: AFP, hCG na LDH. Aina nyingi ambazo si seminoma hupandisha AFP au hCG. Seminoma tupu haipandishi AFP kamwe; ikipanda, kuna aina nyingine imejificha ndani, hata kama maabara imeandika seminoma.

Baada ya upasuaji, alama hizo zinapaswa kushuka. AFP hupungua nusu kila siku 5 hadi 7. hCG hupungua nusu kila saa 24 hadi 36. Mgonjwa aliyeanza na AFP ya 800 anatarajiwa kuwa na kama 400 baada ya wiki moja, 200 baada ya wiki mbili. Zikigoma kushuka, saratani imebaki mahali fulani. Asiyepima kabla ya kisu hana namba ya kulinganisha, na hakuna fedha itakayoirudisha damu ya siku ile.

Kama maabara ya karibu haifanyi AFP na hCG, damu inaweza kuchukuliwa na kupelekwa kwingine. Muulize daktari: "Sampuli yangu inakwenda wapi, inapelekwa na nani, majibu yanarudi lini?" Kipimo cha mimba cha mkojo cha dukani huweza kuonyesha chanya kwa mwanamume mwenye hCG ya juu, lakini wagonjwa wengi hawana hCG ya juu, kwa hiyo hasi yake haimhakikishii mtu chochote.

Upasuaji: Bukoba au Mwanza?

Kuondoa korodani kwa njia ya kinenani hakuhitaji mashine kubwa. Ni upasuaji mfupi, kwa ganzi ya mgongoni au nusu kaputi, na mgonjwa hulala hospitali siku chache. Daktari wa upasuaji katika hospitali ya mkoa anaweza kuufanya.

Faida ya kufanyiwa Bukoba ni wazi: nauli ndogo, ndugu wa kuleta chakula wapo karibu, na uvimbe unatoka wiki hiyo. Faida ya Mwanza ni kwamba vipimo vya damu, maabara ya patholojia na madaktari wa saratani viko sehemu moja. Kwa maoni yetu, kama Bukoba wanaweza kuchukua damu kwanza, kukata kinenani na kutuma korodani yote kwenye fomalini, fanyiwa Bukoba. Kama mojawapo ya hayo matatu halipo, omba barua ya rufaa.

Usikubali korodani itupwe kwa sababu ya ada ya maabara. Familia nyingine huona ada hiyo ni ya ziada baada ya kulipia kisu, kumbe jibu lake ndilo linaloonyesha kama utahitaji dripu za wiki tisa au huhitaji kabisa.

Vijana huogopa jambo moja kuliko yote, na wazazi waliseme wazi: korodani moja yenye afya kwa kawaida hutosha kwa nguvu za kiume na kwa kupata watoto. Dawa za saratani ndizo zinazoweza kupunguza mbegu, mara nyingi kwa muda, wakati mwingine moja kwa moja. Anayetaka kuhifadhi mbegu aulize kabla ya dripu ya kwanza. Huduma hiyo hupatikana zaidi kwenye kliniki binafsi za miji mikubwa.

Kama haijasambaa: njia tatu

Kwa seminoma iliyokuwa ndani ya korodani tu, mgonjwa ana chaguo la kweli, maana njia zote tatu humfikisha karibu sawa: wanaopona ni takriban 99 kati ya 100. Zinazotofautiana ni gharama na masharti.

Kufuatiliwa bila dawa. Wagonjwa 15 hadi 20 kati ya 100 hurudiwa na ugonjwa, nao hutibiwa wakati huo na wengi hupona. Wengine 80 au zaidi hawahitaji dawa hata tone. Zamani ufuatiliaji ulidai picha nyingi za CT. Utafiti wa Uingereza uitwao TRISST, uliochapishwa 2022, ulionyesha kwamba picha tatu, miezi ya 6, 18 na 36, zinatosha kwa seminoma ya hatua hii, pamoja na kliniki za kawaida. Serikali imesambaza mashine za CT kwenye hospitali za rufaa za mikoa miaka ya karibuni, kwa hiyo uliza Bukoba kabla ya kwenda Mwanza.

Dripu moja ya kaboplatini. Hatari ya kurudiwa hushuka hadi kama 5 kati ya 100. Kwa mwenye figo nzuri dozi hufika karibu miligramu 900, yaani vichupa viwili vya 450. Safari ni moja, ingawa kliniki za ufuatiliaji zinaendelea.

Mionzi. Kwa kawaida ni siku 10 za matibabu, wiki mbili za kulala Mwanza. Matokeo yake ni sawa na ya kaboplatini, lakini baada ya miaka mingi huongeza hatari ya saratani nyingine. Kwa kijana, tungeiweka mwisho.

Kufuatiliwa ndiyo njia nafuu kwa anayerudi kliniki. Mwalimu wa Nshamba mwenye simu na anwani moja ataifaidi. Mvuvi anayehama kambi kila msimu, leo Bumbire, mwezi ujao Ikuza, tungemshauri azungumze na daktari kuhusu dripu moja, kwa sababu picha iliyorukwa inaweza kugeuka dripu za miezi mitatu.

Kwa aina zisizo seminoma, wanaorudiwa bila dawa ni kama 30 kati ya 100. Wakiwa na saratani iliyoingia kwenye mishipa midogo ya korodani hufika karibu nusu. Hao mara nyingi hushauriwa duru moja ya dawa. Mwombe daktari akusomee sehemu hiyo ya majibu ya maabara.

Kama imesambaa: BEP au EP

Hapa hakuna njia ya kukwepa dawa, na habari njema ni kwamba dawa zenyewe ni za zamani. Daktari Lawrence Einhorn wa Indiana, Marekani, alianza kutumia sisplatini kwa wagonjwa hawa 1974, na Marekani iliisajili dawa hiyo 1978. Kabla yake, wengi ambao saratani yao ilikuwa imesambaa walikufa. Sisplatini, etoposidi na bleomisini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Anayekuambia kuna dawa bora ya siri India anakuuzia tiketi.

Kwa mgonjwa aliye kwenye kundi lenye matumaini mazuri, zipo ratiba mbili zenye matokeo yanayokaribiana: BEP, yenye dawa zote tatu, na EP, isiyo na bleomisini. Mfano wetu ni kijana wa kilo 62 na urefu wa sentimita 168:

| | BEP duru 3 | EP duru 4 |
|---|---|---|
| Muda wote | wiki 9 | wiki 12 |
| Siku za dripu kuu | 15 | 20 |
| Siku za ziada za bleomisini | 6 | hakuna |
| Sisplatini | kama mg 510 | kama mg 680 |
| Etoposidi | kama mg 2,550 | kama mg 3,400 |
| Bleomisini | yuniti 270 | hakuna |

BEP hutumia sisplatini na etoposidi kidogo kuliko EP, lakini bleomisini hutolewa kila wiki. Anayetoka Muleba ama abaki Mwanza wiki zote tisa, ama madaktari wapange sindano ya siku ya 8 na ya 15 itolewe karibu na nyumbani. EP ina safari nne za siku tano tano na mapumziko ya kurudi shambani katikati. Pia, kwa kukosa bleomisini, huyaacha mapafu salama, jambo kubwa kwa mvuta sigara au mwenye kifua kibovu. Kwa ugonjwa uliosambaa zaidi uamuzi huu haupo: ni BEP duru nne, au mchanganyiko mwingine atakaoamua daktari bingwa.

Ongeza kwenye bajeti dripu za maji za kulinda figo, dawa za kuzuia kutapika, na vipimo vya damu na figo kabla ya kila duru. Mahali pawili usibane matumizi. Usikubali kaboplatini ichukue nafasi ya sisplatini kwa ugonjwa uliosambaa kwa sababu tu ni rahisi kutoa. Tafiti zimeonyesha wagonjwa wengi zaidi hurudiwa. Na usiahirishe duru hadi kahawa ivunwe, kwani kila duru huanza siku 21 baada ya kuanza kwa iliyotangulia.

Kama uvimbe umebaki tumboni baada ya dawa kwa aina isiyo seminoma, huenda ukahitaji upasuaji mgumu. Huo ufanyike hospitali kubwa tu.

Mwanza, Dar es Salaam au Kampala

Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, ina idara ya saratani na mionzi. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400 kutoka Bukoba, na basi hupita Muleba. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko. Meli ya New Victoria, iliyorejea majini 2020, huondoka Bukoba na kupitia Kemondo. Inampa mgonjwa aliyechoka nafasi ya kulala, lakini hakikisha ratiba mapema. Ndege ni kwa asiyeweza kukaa kwenye gari.

Ocean Road, Dar es Salaam, ni taasisi ya taifa ya saratani, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Kagera. Dawa ni zile zile. Nenda kama Bugando imekupa rufaa au kama kuna ndugu atakayekupa kitanda wiki zote.

Kampala iko kama kilomita 300 kupitia Mutukula, karibu kuliko Mwanza kwa barabara, na taasisi yao ya saratani pale Mulago ilianzishwa 1967. Ila usitegemee kadi ya bima ya Tanzania ng'ambo ya mpaka; ni njia ya anayelipa taslimu.

Nani analipa

CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyoanzishwa kwa ada ya shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, ilipangwa kufika hospitali ya rufaa ya mkoa. Ulizia kama bado inalipia uchunguzi na upasuaji wa Bukoba, lakini usiitegemee Bugando. Mwenye kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, aende na barua ya rufaa, na aulize mapema kama dawa zote za ratiba yake zinalipiwa. Kijana aliye kwenye kadi ya mzazi aangalie umri, kwani haki hiyo ina ukomo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadili vifurushi, hivyo ulizia kile kinachofika ngazi ya kanda kabla hujaugua.

Asiye na kadi asikate tamaa. Sera ya afya inaweka saratani miongoni mwa magonjwa yanayostahili msamaha kwa asiyejiweza. Aanze na barua ya serikali ya kijiji au mtaa, kisha Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali, na aonane naye siku ya kwanza, kabla deni halijakua.

Tunawasihi wazazi wasikimbilie butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado maua. Mauzo hayo humfanya mkulima alipie ugonjwa mara mbili, leo na msimu ujao. Ultrasaundi na kipimo cha damu vinaweza kuchangwa na ukoo au kikundi cha kuweka na kukopa. Fedha kubwa ihitajike baada ya jibu la maabara, pale ambapo kila mtu anajua inanunua nini.

Mwenye mtoto mchanga wa kiume ana nafuu kubwa kuliko wote. Kwenye kliniki ya chanjo mwombe muuguzi ahakikishe korodani zote mbili zimeshuka. Kama moja haijashuka mtoto akifikisha miezi sita, omba kuonana na daktari wa upasuaji. Ikirekebishwa mapema hupunguza hatari ya ugonjwa huu, na korodani ikiwa mahali pake, uvimbe wowote wa baadaye utagusika mapema.